Mzee wa Bendera

Kabla ya kulitazama ziwa asubuhi, Mzee wa Bendera alitazama kwanza kama kuna watu wanaomtazama yeye. Kama hawakuwapo, alingoja. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, akafunga vifungo vya koti la mvua hata kama jua lilikuwa limeshatoka, akakohoa mara mbili. Wavuvi watatu wanne walipokusanyika, ndipo aliposimama, akashuka hadi majini, akachovya kiwiko, akakinusa, akakodolea macho magharibi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha alirudi na kupandisha kitambaa mlingotini.

Nilimwona akifanya hivyo kwa miaka sita. Kazi yangu ilikuwa kutuma taarifa ya hali ya ziwa kwa redio moja ya mjini Kisumu, kila siku kabla ya saa moja asubuhi, na ufuo wetu, mwendo mfupi kutoka Dunga, ndio uliokuwa karibu na nyumba niliyopanga. Yeye alipandisha bendera, mimi nikaitangaza. Wasikilizaji waliamini kwamba nyuma ya maneno yangu kulikuwa na vipimo. Kulikuwa na kiwiko.

Bendera zilikuwa tatu. Nyeupe: nenda. Njano: vua, lakini usiupoteze ufuo machoni. Nyekundu: hakuna chombo kinachoingia majini. Kamati ya ufuo ilizileta baada ya msimu ambao upepo wa alasiri ulipindua mashua mbili, na ikaweka adhabu mbili pamoja nazo. Anayetoka chini ya nyekundu ananyang'anywa makasia wiki nzima, na hakuna mama anayenunua samaki wake. Adhabu ya pili ndiyo iliyowatisha wanaume, kwa sababu makasia unaweza kuazima. Aliyesimama kwenye mkutano na kuidai alikuwa Mama Akinyi, mkaanga samaki, ambaye mdogo wake wa kiume alizama na mojawapo ya mashua zile mbili. Alisema maneno machache: "Kama hatuwezi kuwazuia kwa mdomo, tutawazuia kwa sufuria." Mkutano ukapitisha.

Kamati ilimchagua mzee huyu kuzishika bendera kwa sababu alikuwa na muda. Sababu hiyo haikuandikwa popote na yeye hakuwahi kuisikia. Alichosikia ni kwamba amechaguliwa, na tangu siku hiyo alitembea kama mtu aliyekabidhiwa funguo za ziwa lenyewe.

Niseme haki yake. Alijua mambo. Mvua kubwa zikinyesha milimani na Mto Nyando ukashuka na tope, wavuvi wageni walikimbia maji ya kahawia wakidhani samaki wamehama. Yeye aliwaambia watege nyavu kwenye mpaka, pale maji ya kahawia yanapokutana na yale safi, kwa sababu samaki wadogo hufuata chakula kinacholetwa na tope na wakubwa huwafuata wadogo. Walipotega hapo walipata. Siku za joto bila upepo aliwaambia wenye ndoano wazishushe chini zaidi, kwani mbuta, yule sangara mkubwa, hukimbia maji moto ya juu. Na juu ya magugu maji alikuwa sahihi mara nyingi: asubuhi upepo wa nchi kavu huyasukuma nje, mchana upepo wa magharibi huyarudisha ndani ya ghuba kama zulia, na wavu uliosahaulika majini hadi saa tisa huondoka nayo. Watu wengi wa ufuo wetu bado wana nyavu kwa sababu ya maneno yake.

Tatizo ni kwamba alijua pia kuwa anajua. Huwezi kumuuliza mtu kama huyo swali ukapata jibu.

"Mzee, leo mbuta iko wapi?"

"Iko ndani ya maji."

Alingoja wacheke. Wakicheka, aliendelea. Wasipocheka, aliwaeleza kwamba vijana wa siku hizi hawana akili ya kuelewa.

"Sasa tutoke ama tusitoke?"

"Wewe una macho mawili. Bendera ni moja. Nani anashindwa kuona?"

Usemi wake aliojivunia kuliko yote ni kwamba ziwa halina simu. Aliusema kila mara mtu alipotaja ujumbe wa utabiri ambao kamati zote za ufuo hutumiwa alfajiri. Aliusema kwa kunyoosha mkono kuelekea majini, kana kwamba ziwa litaitikia. Nami niliuamini, na niliutumia redioni mara kadhaa kama kipande cha hekima ya wazee wa nyanza. Kisha asubuhi moja niliwahi kufika, nikapita nyuma ya banda la kuhifadhia nyavu, nikamkuta amechuchumaa na simu yake ameishika mbali na uso kama wanavyofanya watu wasiokubali miwani. Alikuwa akisoma utabiri, midomo ikicheza. Alinisikia, akaitia mfukoni.

"Mjukuu wangu ananisumbua," alisema.

Dakika kumi baadaye alichovya kiwiko mbele ya watu, akanusa, akasema kutakuwa na mvua ya radi baada ya saa nane. Ilinyesha saa nane na nusu. Wavuvi walipiga makofi.

Sikumtangaza. Nilijiambia kwamba la muhimu ni bendera kuwa sahihi, siyo inatoka wapi. Hivyo ndivyo watu wa aina yake wanavyodumu: kila mmoja wetu ana sababu nzuri ya kunyamaza.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo haikutoka kwa kamati. Aliitunga yeye, na chanzo chake ni kichekesho. Mwaka wake wa kwanza, kwenye asubuhi ya mawingu yasiyoeleweka, alipandisha njano, akaishusha akaweka nyekundu, upepo ukatulia akarudi njano, na kabla ya saa tatu akaweka nyeupe. Alifanya vizuri. Mtu anayefuata hali ya hewa lazima abadilike nayo. Lakini vijana wa mashua walikuwa wamekaa kwenye kingo za vyombo vyao hawana kazi, na mmoja akapaza sauti:

"Eh, Mzee amekuwa taa za barabarani! Tusimame ama twende?"

"Ngoja iwake kijani, omera, ndugu yangu!" mwenzake akamjibu.

Ufuo mzima ulicheka. Wachuuzi walicheka, waparuaji magamba walicheka, na nakiri kwamba mimi pia. Kwa wiki mbili walimpigia honi kwa midomo kila alipopita. Kwenye mkutano uliofuata alisimama na kutangaza kwamba kuanzia sasa bendera ikipanda haishuki kabla ya saa sita mchana. Kubadilisha kila saa, alisema, kunawachanganya wavuvi na kuvunja heshima ya kazi. Kamati ilikubali kwa sababu ilikuwa inataka kwenda kula. Hakuna aliyeuliza ziwa kama limekubali kukaa vilevile hadi saa sita.

Kanuni hiyo ilizaa ujinga wa kila namna. Nyeupe ilipepea juu ya mawimbi yaliyokuwa yakimwaga maji ndani ya mashua. Nyekundu ilipepea juu ya ziwa tulivu huku ngege, wale samaki aina ya sato, wakirukaruka kando ya mafunjo na wavuvi wakicheza drafti. Mara moja upepo mkali ulikuja saa nne chini ya nyeupe, mashua zikarudi mbio, na yeye akasimama kwenye maji ya magoti akiwafokea waliorudi kwamba wamerudi kwa woga. Bendera ilikuwa bado nyeupe. Macho yake yalikuwa kwenye kitambaa, hayakuwa ziwani.

Sasa nieleze habari ya kizimba, kwa sababu bila hiyo mzee huyu angekuwa kituko tu.

Mama Akinyi na wenzake sita waliunda kikundi. Hawa walikuwa wanawake waliozoea kungoja mashua majini, nguo zimeloa hadi kiunoni, kila mmoja akiomba auziwe yeye kwanza, na wote tunajua kwamba kuna wavuvi waliotaka kitu kingine mbali na pesa. Kikundi hakikuwa na hamu ya utajiri. Kilitaka samaki ambao hawataombwa kwa mwanamume yeyote. Wakajenga kizimba cha wavu na mapipa, wakakitia nanga mwendo wa dakika ishirini kwa kasia kutoka ufuoni, wakaweka vifaranga wa ngege. Miezi minane walikodi mashua kila asubuhi kwenda kulisha. Wanaume waliwauliza kama samaki hao wanaolishwa kama watoto wa shule wanajua pia kusoma. Wao wakalisha.

Mzee wa Bendera, na hapa ndipo mtu anaposhindwa kumweka kwenye kapu moja, ndiye aliyewafundisha. Alikuja kwenye mkutano wao na koti lake, akakaa mbele, akawaeleza hatari ya vizimba kuliko ambavyo afisa yeyote angeweza. Ogopeni utulivu kuliko upepo, aliwaambia. Joto likikaa siku tatu nne bila upepo na maji yakawa kijani na mazito kama mrenda, mjue usiku hewa ndani ya maji inaisha. Asubuhi mtawaona samaki wako juu, midomo wazi. Msiwape chakula hata punje. Vuteni kizimba hadi maji yanayotembea, au vueni wote saa hiyohiyo, kwa sababu hamna siku, mna saa. Mama Akinyi alikariri maneno hayo. Aliniambia baadaye kwamba aliyarudia hata akiwa anakaanga.

Siku yenyewe ilikuja wiki ambayo walikuwa wamepanga kuvua mavuno ya kwanza. Joto lilikuwa limekaa siku nne. Maji yalikuwa yale ya mrenda. Alfajiri ujumbe wa utabiri ulisema huenda kukawa na upepo mkali kutoka magharibi kabla ya adhuhuri. Mzee alichovya kiwiko, akanusa, akapandisha nyekundu. Nikaitangaza.

Saa moja, mvuvi mmoja wa ndoano aitwaye Omondi, aliyekuwa ametoka kabla ya bendera, alirudi na kupitia moja kwa moja pale wanawake walipokuwa wakiwasha moto.

"Min Akinyi, samaki yenu iko juu. Inakunywa hewa."

"Yote?"

"Hiyo kizimba inachemka kama sufuria."

Mama Akinyi hakukimbia. Alifuta mikono kwenye leso, akaenda mlingotini. Nilikuwa hapo, kwa hiyo ninayoandika niliyasikia.

"Jaduong'," alimwita kwa Kiluo, kama mtu anavyomwita mzee wa heshima, "samaki wetu wanakufa. Tunataka mashua mbili, tuvute kizimba."

"Bendera ni nyekundu."

"Naiona. Lakini angalia ziwa, Mzee. Imelala. Hata jani haitingishiki."

"Utulivu ndio unatangulia upepo."

"Wewe ulitufundisha utulivu ndio inaua samaki."

"Nilifundisha. Na samaki wanaweza kununuliwa tena. Mtu hanunuliwi." Aligeuka ili wengine wasikie. "Wewe kati ya watu wote ndiyo unaniambia nishushe nyekundu? Umesahau ndugu yako?"

Mama Akinyi alisogea hatua moja karibu naye. Kulikuwa na watu kama ishirini wakisikiliza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sijasahau, Jaduong'. Kwa hiyo nakuuliza wewe, siibi mashua. Upepo iko ama haiko?"

"Bendera haishuki kabla ya saa sita."

Hilo halikuwa jibu la swali lake, na kila mtu alijua.

Akawaendea wenye mashua mmoja mmoja. Wawili walikuwa tayari kuhatarisha makasia. Wake zao walimkumbusha adhabu ya pili, ile aliyoidai yeye mwenyewe, na kwamba akina mama wa fuo za jirani nao walikuwa wameikubali. Mwenye mashua ya tatu alimwambia, "Min Akinyi, niamuru wewe. Sema sheria yako imeisha, mimi natoka saa hii." Mama Akinyi aligeuka akatazama upande wa kizimba. Angesema ndiyo, kesho yake kila mvuvi mwenye haraka angekuwa na haraka inayofanana na yake. Akatikisa kichwa, akarudi kukaa kwenye mchanga na wenzake.

Kutoka ufuoni tuliweza kukiona kizimba. Maji ndani yake yalikuwa yakitibuka, na ndege weupe walizunguka juu yake. Saa tatu yalikuwa bado yakitibuka. Saa nne pia. Baada ya hapo yalianza kupungua kidogo kidogo, kisha yakawa laini kama maji mengine yote. Mmoja wa wale wanawake alisimama akaondoka. Wengine walibaki kutazama. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, mgongo wima, uso kuelekea magharibi. Hakukuwa na upepo saa nne, wala saa tano, wala siku ile yote.

Saa sita kamili aliishusha nyekundu, akaikunja pembe kwa pembe kama askari, akapandisha nyeupe.

Walipofika kizimbani hakukuwa na cha kuvuta. Walitumia mchana mzima kutoa samaki waliogeuka matumbo juu na kuwafukia kwenye shimo nyuma ya banda, kwa sababu walikuwa wameshaanza kunuka na hata mbwa waliwakataa. Jioni nilimpelekea mzee kinasa sauti, nikitarajia, sijui kwa nini, kwamba atatafuta neno la pole. Alinyoosha koti.

"Sema hivi. Leo, chini ya bendera yangu, hakuna mtu aliyezama."

Ilikuwa kweli tupu. Nami niliirusha hewani neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa na dakika mbili za kujaza.

Sentensi hiyo ilimlisha sifa kwa miaka miwili. Aliitoa kwenye mikutano, kwa wageni, kwa wanafunzi walioletwa kuona ziwa. Hadithi ilikua kila alipoisimulia: upepo ambao haukuja ulianza kuja kidogo, kisha ukaja kwa nguvu, na mwishowe kulikuwa na wanawake saba waliotaka kutoka katika dhoruba na mzee mmoja aliyewaokoa. Mama Akinyi alikuwa akipita na beseni lake kichwani huku hadithi hiyo ikiendelea. Hakumsahihisha hata mara moja. Watu walidhani ni heshima. Mimi nilidhani ni woga. Sote tulikosea.

Kilichomwondoa kazini hakikuwa haki, yalikuwa maji. Ziwa lilipanda, likameza mlingoti hadi nusu, banda likaondoka, na kamati ikahamishia kituo mahali pa juu. Huko bendera hushikwa kwa zamu, na hubadilishwa saa yoyote ziwa linapobadilika. Vijana wanaozishika wamekwisha kuitwa taa za barabarani na wanaitika jina hilo bila kinyongo. Yeye alipewa risala na blanketi, akahamia kwa binti yake huko Ahero.

Nilikutana naye mwaka huu. Nilikuwa nimekwenda Ahero kuandika juu ya mashamba ya mpunga yaliyofunikwa na mafuriko, na nilipita sokoni kumsalimu Mama Akinyi, ambaye siku hizi hupeleka ngege huko mara mbili kwa wiki. Kikundi kilijenga tena, kizimba kingine, mbali zaidi, penye maji yanayotembea. Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza yake nakunywa chai alipotokea mzee, amekonda, koti limekuwa kubwa juu ya mabega. Alibonyeza samaki, akafungua mashavu, akaanza kumfundisha mteja aliyekuwa kando yake rangi inavyotakiwa kuwa.

"Karibu, Jaduong'," alisema Mama Akinyi.

Akamtambua. Kisha akanitambua mimi, na nilimwona akinyoosha shingo kujiandaa kwa ile sentensi. Lakini alimtazama tena mama yule, akamtazama samaki, na sentensi haikutoka.

"Hawa ni wa kizimba?"

"Wa kizimba."

"Wamekua vizuri."

"Tunashukuru. Tunafuata vile ulitufundisha."

Alichagua mmoja mkubwa. Mama Akinyi alianza kumparua magamba, na ni katika kelele ile ya kisu ndipo mzee aliposema, bila kuulizwa na mtu:

"Siku ile, saa tatu mawingu ya magharibi yalikuwa yameshavunjika. Niliona. Upepo haungekuja."

Kisu kilisimama.

"Saa tatu?"

"Saa tatu."

"Saa nne walikuwa bado wanaruka, Mzee."

Mzee alirudisha macho kwenye samaki. Mama Akinyi alimtazama, mikono yake imejaa magamba. Hakupaza sauti. Ningependa kuandika kwamba alipaza.

"Mimi miaka hii yote nawaambia wenzangu hukujua," alisema. "Wakikutukana nawaambia, wachaneni na mzee, aliogopa upepo, hakujua. Hata juzi nimewaambia."

Alimaliza kuparua, akapasua, akasuuza, akafunga kwenye gazeti. Mzee wa Bendera alilipokea furushi kwa mikono miwili, akaliweka kwapani ndani ya koti, akafunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Waambie hivyo hivyo," alisema, akaondoka.